Wakisema Wazo Lako ni Moto, Itisha Mia Mbili

Wasee, kuna uongo tunaambiana hapa Nairobi kila siku, tena kwa upendo: "Hiyo aidia ni moto, ukianza nishtue." Anayesema hana ubaya wowote. Ni vile tu maneno ni ya bure na pesa si ya bure.

Binamu yangu alikuwa ameambiwa hivyo na watu 41. Aliwahesabu, sitanii. Alitaka kuwafulia nguo wanafunzi wa hosteli za Kahawa Wendani: apu ya kuagizia, mashine ya kilo saba, na mkopo wa Sh60,000 ambao shangazi angemchukulia kwa chama. Hapo kwa chama ndipo niliingilia. Chama hicho ni cha akina mama kumi na wawili wanaodhaminiana. Mmoja akikwama, wenzake ndio wanatoboka. Hizo si pesa za kujaribia bahati.

Nikamwambia aachane na apu na mashine kwanza. Aweke statasi ya WhatsApp: begi moja la nguo au duveti moja, leta Jumamosi, chukua Jumapili, Sh500, na Sh200 unatuma sasa hivi kwa M-Pesa. Kazi yenyewe aipeleke kwa dobi wa pale steji aliye na mashine tayari, amlipe Sh400. Abaki na mia, na nauli iimalize, sawa tu. Hatukuwa tunatafuta faida, tulikuwa tunatafuta jibu. Sharti langu lilikuwa moja: asiyehudumiwa arudishiwe pesa zake siku hiyo hiyo. Bila hilo huo ni ukora, usiuite jaribio.

Wiki mbili. Kati ya wale 41, waliotuma pesa ni sita.

Sita si wachache, kusema ukweli. Lakini kilichonishangaza ni walicholeta. Watano walileta duveti! Ukifikiria, inaeleweka. Nguo za kawaida mtu anajifulia kwa beseni, ama anaita mama fua. Duveti kwa chumba cha hosteli ni kesi nyingine: ukiiloweka huwezi kuiinua, hakuna pa kuianika, na ikinyesha siku mbili inaanza kunuka. Watu walikuwa wanalipia hilo tatizo. Na dobi akacheka alipoulizwa kuhusu ile mashine ya kilo saba, kwa sababu duveti nzito ikijaa maji humo ndani haizunguki vizuri. Yaani shangazi angekopa elfu sitini kununua mashine isiyoweza ile kazi moja ambayo watu wako tayari kuilipia.

Kama unadhani hayo ni mambo ya watu wadogo, angalia M-Pesa. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005 na mamia machache tu ya wateja, na lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wakapewa hiyo kitu, wakaanza kuitumia wanavyotaka, wakitumiana pesa wao kwa wao. Safaricom walipoizindua Machi 2007, ujumbe ulikuwa tuma pesa nyumbani. Mambo ya mikopo yakawekwa kando.

Eric Ries aliandika kitabu kizima kuhusu njia hii mwaka 2011, na ni kizuri, kisome. Ndani kuna Nick Swinmurn, aliyeanzisha Zappos kule Marekani mwaka 1999 kwa kupiga picha viatu vya duka la mtu na kuviweka mtandaoni. Mtu akiagiza, anarudi dukani kuvinunua. Sasa niambie, huyo ana tofauti gani na yule dada anayepiga picha viatu Gikomba asubuhi na kukuwekea kwa statasi? Tofauti ni kwamba dada hajiiti startapu.

Najua kuna mtu atasema ukianika wazo mapema utaibiwa. Na nani? Dobi wa steji ana mashine na wateja, na hajawahi kufikiria kupita hosteli akikusanya duveti. Kazi ngumu ni kupanda hizo ngazi, na hakuna anayekimbilia kuiba ngazi.

Kinachonisumbua ni mvua. Wiki zetu mbili ziliangukia Aprili, na huenda tulipima mvua badala ya soko. Kwa hivyo shangazi bado hajaandikisha jina kwa daftari la mikopo, na binamu anaendelea na dobi wake. Wiki hii amepandisha bei hadi Sh600, lakini duveti inachukuliwa mlangoni na kurudishwa mlangoni. Hadi jana usiku watatu walikuwa wametuma mia mbili. Wengine kumi na mmoja wameweka emoji ya moto.