Kompyuta Iliyojizima "Yenyewe"



Kuna neno dogo ambalo hutumika kila siku bila kupimwa: "yenyewe". Sufuria imeanguka yenyewe, taa imezimika yenyewe, pikipiki imegoma yenyewe. Darasani, katika somo la metafizikia, tunafundishwa kwamba hakuna badiliko lisilo na kisababishi. Ni rahisi kuliandika jambo hilo kwenye karatasi ya mtihani. Kazi huanza pale kisababishi kinapokataa kuonekana, na watu wamekusimamia wanataka jina la mtu.

Likizo hii sisi mafrateri watatu tulipangiwa kusaidia parokia moja hapa Njombe. Kazi yetu ilikuwa kuingiza kwenye kompyuta kumbukumbu za vitabu vya ubatizo na ndoa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na vitabu hivyo na ivitunze vizuri, na kila aliyewahi kwenda kuomba cheti cha ubatizo kabla ya ndoa anajua sababu yake. Karatasi huchakaa, wino hufifia, panya hawachagui. Kompyuta mpakato ya ofisi ilikuwa imekufa kioo, hivyo kamati ya fedha ikakubali inunuliwe kompyuta ya mezani, iundwe kipande kwa kipande, ili siku kikiharibika kimoja kibadilishwe hicho tu.

Aliyeiunda ni kijana wa Makambako. Makambako ni njia panda: reli ya TAZARA inapita pale, barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita pale, na barabara ya kwenda Njombe na Songea inaanzia pale. Mzigo wa Dar es Salaam hufika kwa urahisi. Kijana alinunua vifaa vipya: mazabodi, prosesa, ramu, diski, pawa saplai na kava. Akaviunganisha, akaiacha ikiwaka siku mbili kwake, haikuleta shida. Alilipwa nusu ya ufundi wake, nusu nyingine akaahidiwa baada ya kompyuta kufanya kazi mwezi mmoja.

Siku ya pili ofisini kompyuta ilizimika katikati ya jina la mtoto wa mwaka 1974, kisha ikawaka. Haikuleta onyo wala maandishi ya kosa. Kioo kikawa cheusi, feni zikanyamaza, halafu zikaanza upya. Kesho yake ikafanya hivyo mara tatu.

Maelezo yalikuja haraka kuliko uchunguzi. Mzee mmoja wa kamati alisema fundi ameweka vifaa vya mtumba ndani ya kava jipya, na kwamba nusu iliyobaki asipewe. Mwingine alisema ni virusi. Wa tatu alilaumu umeme wa Njombe. Na kulikuwa na sauti ya chini iliyosema kazi ile ya kugusa majina ya marehemu ina watu wasioipenda, kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Siku ya tatu habari zilikuwa zimefika Makambako. Fundi alipiga simu. "Frateri," alisema, "mimi ninaishi kwa jina langu. Mkiniambia kifaa kibovu ni kipi nitakibadilisha. Lakini msiniambie tu kwamba mimi ni mwizi."

Hapo ndipo tulipoona kwamba shauri lile halikuwa la kompyuta peke yake. Fedha zilizobaki hazikuwa nyingi, lakini kijana akishaitwa mwizi na parokia nzima, hakuna kifaa kipya kitakachomrudishia jina lake.

Tukaanza na daftari. Tulichora safu tatu: saa ilipozimika, tulikuwa tunafanya nini, na kitu gani kingine kilikuwa kimewaka ofisini. Safu ya tatu tuliiweka bila kujua kama itatufaa. Kwa siku nne kompyuta ilizimika mara kumi na moja.

Windows yenyewe ina daftari lake la matukio. Tulipolifungua tulikuta kila mara tukio namba 41, lenye jina Kernel-Power. Wengi wakiiona namba hiyo hudhani wamepata jibu. Maana yake ni kwamba kompyuta imewaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu, basi. Ni sawa na cheti kinachosema mtu amefariki bila kutaja kilichomuua.

Kisha tukaanza kuondoa sababu moja moja. Virusi kwanza. Tuliiwasha kompyuta tukaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya mazabodi, mahali ambapo Windows haijaanza kufanya kazi, tukaiacha hapo. Tuliporudi kutoka kwenye sala ya adhuhuri tulikuta imeshafika kwenye mlango wa Windows, yaani ilikuwa imejizima na kuwaka tena. Kirusi kilichokaa ndani ya Windows hakiwezi kufanya kazi kabla Windows haijaamka. Shauri la virusi likafungwa.

Ramu tuliipima usiku kucha kwa programu ya kuikagua. Asubuhi hapakuwa na kosa hata moja, na usiku ule haikuzimika. Joto nalo tulilitazama: Njombe iko kwenye nyanda za juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba tunakaa ofisini na makoti. Prosesa haikuvuka nyuzi 50, na kompyuta hujilinda kwa kujizima ikifika joto la juu zaidi ya hilo kwa mbali.

Ikabaki pawa saplai, ambayo mafundi wengi huishuku kwanza kompyuta mpya inapofanya hivi, na wana haki. Tukaifunga kompyuta katika blanketi, tukapanda kosta hadi Makambako, kama kilomita 60. Fundi aliichomeka kwake mbele yetu, akaipa kazi nzito ya kuchosha prosesa. Ikafanya kazi siku tatu mfululizo bila kuzimika. Hakubadilisha kitu chochote.

Mtu mwenye haraka angeweza kusema: "Basi ni umeme wa Njombe." Lakini Makambako na Njombe zote zinatumia umeme wa gridi ya taifa, wa volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Isitoshe, usiku ule wa kupima ramu kompyuta ilikuwa Njombe, kwenye umeme huo huo, ikatulia. Tukakumbuka somo la mantiki. Mwaka 1843 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alichapisha kitabu kuhusu mantiki ambamo alipanga njia za kutafuta visababishi. Mojawapo ni njia ya tofauti: chukua hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, jambo likitokea katika hali moja lisitokee katika nyingine, kile kimoja ndicho kisababishi, au ni sehemu ya kisababishi. Ugumu ni kwamba Makambako na Njombe zilitofautiana kwa vitu vingi mara moja: jengo, soketi, ekstensheni, mashine ya fotokopi, watu, hata baridi. Ilitupasa kubadilisha kimoja kimoja.

Tuliporudi tuliiweka kompyuta kwenye chumba cha katekista, ukuta wa pili. Siku nzima haikuzimika. Tukairudisha ofisini, kwenye ekstensheni ile ile. Saa nne asubuhi ikazimika.

Ndipo safu ya tatu ya daftari ilipoanza kusema. Karibu nyakati zote kumi na moja zilikuwa asubuhi, kati ya saa moja na saa tano. Jumapili ilizimika mara mbili, zote baada ya Misa ya kwanza. Na katika kila mstari, isipokuwa mmoja ambao hatukuuandika vizuri kwa haraka, kulikuwa na neno moja: chai. Mama karani huchemsha maji kwa birika la umeme asubuhi, na Jumapili huwachemshia wanakwaya. Birika na kompyuta vilikuwa kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni hiyo ilichomekwa kwenye soketi ya ukutani nyuma ya kabati.

"Jamani, miaka sita ninachemsha chai hapa," mama karani alisema, "na ile kompyuta ya zamani haikuzimika hata siku moja." Alikuwa anasema kweli, na kauli yake ilitusaidia kuliko vipimo vyote. Kompyuta ya zamani ilikuwa mpakato. Ilikuwa na betri. Umeme ukikatika kwa kufumba na kufumbua, betri hushika bila mtumiaji kujua.

Tukafanya jaribio la mwisho. Birika likichemshwa chumba kingine, kompyuta haizimiki. Tulijaribu siku mbili. Likirudishwa kwenye ekstensheni, ilizimika mara ya tatu tulipochemsha maji. Tukamwita fundi umeme. Alizima swichi kuu, akasogeza kabati, akafungua soketi. Skrubu moja inayobana waya ilikuwa imelegea. Gamba la waya lilikuwa limegeuka kahawia na plastiki ya nyuma ya soketi imeanza kuyeyuka.

Maelezo yake ni haya. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea tisa. Soketi nzima huubeba mzigo huo bila shida. Lakini waya uliolegea haugusi vizuri. Mkondo mkubwa ukipita, pale panapogusana panapata moto na kutoa cheche, umeme unakatika na kurudi kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani ina akiba ya kuvumilia mkatiko wa milisekunde kumi na kitu hivi, chini ya mzunguko mmoja wa umeme wetu, ambao ni milisekunde 20. Mkatiko ukizidi hapo, kompyuta huanguka na kuanza upya. Usiku na mchana hakuna chai, mkondo ni mdogo, ule mguso hafifu unatosha.

Kwa hiyo kompyuta haikuwa na ubovu. Ilikuwa ndicho kifaa cha kwanza katika ofisi ile kilichokosa namna ya kuuficha ubovu wa ukuta. Na nyuma ya ukuta huo, umbali wa kiganja kutoka kwenye plastiki iliyokuwa inayeyuka, limesimama kabati la mbao lenye vitabu vyote vya ubatizo vya parokia. Fundi umeme aliitazama soketi, akalitazama kabati, akasema tu, "Mna bahati."

Neno hilo "bahati" Aristotle alilichunguza katika kitabu cha pili cha Fizikia. Mfano mmoja uliomo ni wa mtu aliyekwenda sokoni kwa shughuli zake, akamkuta mtu aliyetaka kuonana naye bila kutarajia. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuwa pale. Kilichokosa mpango ni kukutana kwao. Hivyo ndivyo tulivyoielewa ile "yenyewe". Chai ilikuwa na sababu yake: baridi ya Njombe. Skrubu ilikuwa na sababu yake: miaka ya kuchomeka na kuchomoa. Kompyuta ilikuwa na sababu yake ya kuwa pale. Mistari mitatu ilikutana, na aliyetazama mstari mmoja tu aliona kitu kisicho na sababu.

Tunaandika haya kwa sababu pengo hilo kati ya tukio na sababu yake ni mahali pa hatari. Watu hawapendi liwe tupu, hulijaza upesi, na mara nyingi hulijaza kwa mtu. Njombe tunaijua bei yake. Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa wetu ulilia kwa mauaji ya watoto, na viongozi wa serikali waliyahusisha na imani za kishirikina. Hatulinganishi kompyuta na uhai wa mtoto. Tunasema tu kwamba tabia ya kuuliza "ni nani?" kabla ya kuuliza "ni nini?" hujifunzwa katika mambo madogo, na inaweza pia kuachwa katika mambo madogo.

Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliona kwamba katika elimu ya maumbile haitoshi kupokea yaliyosimuliwa. Kazi ni kutafuta visababishi ndani ya vitu vyenyewe. Kwa mseminari, hilo lina uzito wa pekee. Kesho mtu atakuja ofisini kwa padre akisema jirani amemharibia mifugo au mtoto. Atahitaji kusikilizwa na kuombewa. Atahitaji pia padre aliyezoea kuuliza: lini, wapi, na nini kingine kilikuwepo?

Soketi mpya iligharimu fedha kidogo kuliko nauli zetu za Makambako. Birika limehamishiwa jikoni kwenye soketi yake. Kamati ilimlipa fundi nusu iliyobaki, na yule mzee aliyeshauri asilipwe ndiye aliyempigia simu mwenyewe, akamwita "mwanangu". Parokia sasa inachanga kununua UPS, kwa sababu umeme hukatika pia kwa sababu nyingine, na majina ya 1974 bado hayajaisha.

Kwenu wasomaji wa parokiani tuna ombi moja. Wiki hii, kabla ya chai, gusa kwa mgongo wa mkono kifuniko cha soketi mnayochomekea birika ofisini au nyumbani, mara tu baada ya maji kuchemka. Ikiwa ina joto, ina harufu ya plastiki au imebadilika rangi, acheni kuitumia na mwiteni fundi umeme aifungue swichi kuu ikiwa imezimwa. Msiifungue wenyewe. Na kama kabati la vitabu vya ubatizo limesimama mbele yake, lisogezeni leo.