Kiwanja Ndani ya Maji

Mpigapicha anayefanya kazi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, hupewa zawadi moja na kunyimwa nyingine. Jioni jua linazama mbele yake, nyuma ya milima ya Kongo, na hata simu ya bei rahisi itatoa kitu cha kutundika ukutani. Asubuhi jua hilohilo linachelewa nyuma ya vilima, kwa hiyo mitumbwi inaporudi na dagaa, mwalo bado uko kivulini na watu wote ni rangi ya kijivu. Ndiyo maana picha nyingi za ziwa letu ni za machweo: anga jekundu, mtumbwi mmoja, mtu asiye na uso. Za namna hiyo nimepiga nyingi, na zimenilipia kodi ya chumba. Sizionei haya. Ila kazi yenyewe iko kwenye ile saa ya kijivu, wakati kinamama wanapogombea bei ya ndoo na hakuna anayekuangalia.

Kiangazi kikikolea, moshi wa mashamba yanayochomwa huifuta Kongo kabisa, ukadhani unatazama bahari. Mvua za kwanza zikinyesha milima inarudi, karibu mno, kama vile mtu ameisogeza usiku.

Ujiji, nilikozaliwa, picha yake maarufu kuliko zote si picha. Ni mchoro: Stanley amevua kofia mbele ya Livingstone, mwaka 1871. Kamera haikuwepo siku ile. Mchoro ulitengenezwa baadaye kwa ajili ya kitabu cha Stanley kilichotoka 1872, na wenyeji wamepangwa pembeni kama mapazia. Leo wageni wakifika kwenye jumba la kumbukumbu huuliza swali moja: ziwa liko wapi? Zamani lilikuwa jirani. Miaka ya 1870 maji yalikuwa juu, kisha mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani, ukazibua kizuizi kilichokuwa mdomoni mwake. Katika muda usiozidi miaka 20 ziwa lilishuka takriban mita 10. Sisi tukabaki na mchanga, na reli ilipofika mwaka 1914 iliishia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina. Bibi yangu alikuwa akisema Ujiji haikuhamwa na watu, ilihamwa na maji.

Kwa hiyo nilikua nikiamini ufukwe unajua njia moja tu, ya kurudi nyuma. Kuanzia mwaka 2020 ziwa likapanda. Mwaka 2024 likapanda tena, kuanzia Bujumbura na Uvira hadi kwetu. Miembe ilisimama ndani ya maji mpaka ikakauka. Magati yalizama, na nyumba zilizokuwa nyuma ya nyumba nyingine zikawa za mbele.

Nilianza kupiga midomo ya mito, nikifikiri huko ndiko mabadiliko yanakoonekana vizuri. Kusini mwa Ujiji, ng'ambo ya Ilagala na michikichi yake, Malagarasi inaingia ziwani ikiwa rangi ya chai ya maziwa, na kuna mstari unaouona kwa macho ambapo maji ya mto yanakutana na ya ziwa. Maeneo hayo ndiko Wajerumani walikoizamisha meli yao, Graf von Götzen, mwaka 1916, wakiwa wameipaka mashine grisi ili isioze. Ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Nilipata picha safi za ule mstari. Watu wa mjini walizipenda. Watu wa mwaloni walizitazama kwa adabu, wakanirudishia simu yangu.

Aliyenipa kazi ya maana ni mama mmoja muuza dagaa, kwenye mwalo ulio kaskazini ya Kibirizi. Alikuwa akigeuza dagaa juu ya kichanja.

"Mwanangu, nipigie nyumba yangu."

"Iko wapi, mama?"

Akaelekeza kidole ziwani. Sebule pale penye mtumbwi wa bluu. Jiko kushoto kwake. Nikamwambia picha itaonyesha maji tu. Akaniangalia kama mtu anayeongea na mtoto.

"Ziwa litarudi. Likirudi, kila mtu atasema hapa pake."

Hapo nilielewa kwamba picha nzuri haitamfaa. Na shida yake haikuwa majirani peke yao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ukingo ukitembea, mita 60 zinatembea nao. Mtu anaweza kulala nje ya mpaka na kuamka ndani yake bila kusogeza hata kiti.

Tulipiga saa 6 mchana, saa ambayo kila mwalimu wa picha atakukataza, maana mwanga ni mkali na vivuli vimekwisha. Tulitaka hivyo: kila kitu kionekane, kisifichwe kitu. Mjukuu wake aliingia majini na mwanzi mrefu, akitafuta msingi kwa nyayo. Maji yalimfika kifuani. Akipata kona anasimama, anausimika mwanzi, nami nasogea huku na huko mpaka mwanzi, mwembe uliokauka na mnara wa msikiti ulio nyuma vikae mahali ninapoweza kurudi nikavipata tena. Kona nne, picha nne, kisha nikapiga nyingine nne kutoka upande wa pili. Kwenye ile ya tatu kijana anacheka, kwa sababu bibi yake anampigia kelele kwamba amesimama chooni kwa jirani.

Ukizitazama bila maelezo ni picha mbaya. Maji, kijana, fimbo. Mhariri mmoja aliniomba nimtumie "zenye hisia zaidi".

Nilizichapisha Kigoma mjini na kuzirudisha wiki iliyofuata. Mama alizipanga kwenye kanga kwa utaratibu wa vyumba, akahesabu, kisha akazigeuza.

"Andika nyuma. Hatua 42 toka mwembeni hadi mlangoni. Andika na mwaka."

Nikaandika. Alisoma kila moja, midomo ikicheza, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni mara mbili na kuzitia kwenye mkoba aliowekea kadi ya kliniki ya mjukuu mwingine. Nyuma yangu kinamama watatu walikuwa wameshasimama. Jirani mwenye choo alikuwa wa kwanza, na alikuja na mwanzi wake mwenyewe.