Twende Arabuko-Sokoke Tukamwone Sange

Mkazi wa Nairobi akitajiwa Malindi, huwaza bahari tu. Lakini sisi wa huku, watoto wafungapo shule mwezi wa Agosti, tunajua mahali pengine pa kuwatembeza: msitu wa Arabuko-Sokoke.

Kutoka Malindi mjini, abiri matatu inayofuata barabara ya Mombasa. Ukishapita njia panda ya Gede, hutakawia kukiona kituo cha msitu. Fika asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiwa na maji ya kutosha na viatu vya kufunika miguu. Lipa kiingilio, kisha umchukue mwenyeji wa kuwaongoza, kwani humo mna njia nyingi na ndovu pia wamo.

Msitu huu una ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi, nao ndio mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwenye mchanga mweupe utaona mirihi iliyoachana, mwanga ukipenya hadi chini. Ukifika penye udongo mwekundu, miti hubanana hata usione hatua kumi mbele.

Watoto hupenda zaidi kumtafuta sange. Mnyama huyu ana pua ndefu, miguu myembamba na makalio ya rangi ya dhahabu, naye hupatikana pwani ya Kenya pekee. Hutoka mchana kufukua wadudu kwenye majani makavu. Akishtuka, huyapiga majani kwa mkia na kutimua mbio. Kwa hivyo, anayetaka kumwona sharti anyamaze, jambo ambalo si rahisi kwa mtoto wa miaka saba!

Hata hivyo, msomaji, usidhani msitu huu umesalia kwa bahati. Miti ya muhugu ilikatwa sana kwa ajili ya wachonga vinyago, na majirani wengi walitamani msitu ufyekwe wapate mashamba. Wala hawakuwa na ubaya. Ndovu walikuwa wakila mahindi yao, na msitu haukuwapa chochote.

Mwaka wa 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo. Wakulima walifundishwa kufuga viwavi hadi wawe pupa, ambao huuzwa ng'ambo kwa wenye maonyesho ya vipepeo. Mkulima aliyelipia karo ya mtoto wake kwa pupa anajua kwamba msitu ukiisha, vipepeo nao wataisha.

Baada ya matembezi, rudini Gede. Mradi huo umo katika uwanja wa magofu ya mji wa kale, ulioachwa na wenyewe katika karne ya 17. Waonyesheni watoto pupa, na mnunue asali ya wenyeji ikiwapo. Shilingi mtakazoacha hapo zitampa jirani wa msitu sababu ya kuliweka shoka chini.