Vitabu Vitatu vya Juma Moja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo walivyonena wahenga. Karani mmoja wa serikali, akaaye Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, huitumia methali hiyo hata katika kusoma kwake. Kila Jumapili mchana hufungua kijitabu chake akaandika vitabu atakavyosoma juma lile na siku ya kila kimoja, kama aandikavyo ofisini barua ziingiazo na zitokazo. Tofauti ni moja tu: barua za ofisini hujibiwa, lakini mipango ya kijitabu kile ilikuwa haijapata kuvuka siku ya Jumatano.

Juma moja vitabu vilivyokuwa mezani pake vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa Kusadikika, kilichotungwa na Shaaban Robert na kupigwa chapa mwaka 1951. Alikipenda kwa sababu mbili. Mtungaji wake alikuwa karani kama yeye, aliyetumika katika forodha ya Tanganyika tangu mwaka 1926 hata 1944, na baada ya kazi za mchana kalamu yake haikulala. Tena hadithi yenyewe imejipanga kama juma la kazi. Karama, aliyeshitakiwa mbele ya mfalme kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, ajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na habari za manufaa, wakatiwa gerezani badala ya kushukuriwa. Wajumbe sita, jioni sita, Jumatatu hata Jumamosi: karani aliona hesabu imekaa sawa.

Cha pili kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotoka mwaka 1960, chenye habari za Bwana Msa, hodari wa kufumbua mafumbo na mwenye kiko chake mdomoni. Hiki hakukipangia siku, maana alijijua: akikifungua hakifungi mpaka jogoo awike.

Cha tatu kilikuwa nakala kuukuu ya Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Chasimulia habari za watu waliokamatwa bara, wakatembezwa hata pwani, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza na kuwekwa Frere Town, mahali palipoanzishwa na wamisheni wa C.M.S. mwaka 1875. Baba yake mtungaji alikuwa mmoja wa watu hao. Na Frere Town si mbali na nyumba ya karani. Kila asubuhi aendapo kazini hupita Kengeleni, ambapo kengele ya zamani ingali imesimama kando ya njia. Hata hivyo kitabu hicho alikuwa amekisoma kurasa chache tu za mwanzo, na miaka kumi ilikuwa imepita tangu hapo.

Jumapili ile, jioni, mazungumzo barazani kwa jirani yalifika kwenye kengele hiyo. Karani, asitake kuonekana mjinga mbele za watu, alisema kuwa kitabu cha Mbotela amekisoma chote. Palikuwapo mzee mmoja aliyepofuka macho, naye aligeuza uso kuifuata sauti.

"Mwanangu, umenifurahisha," akasema. "Bibi yangu, mamake baba, aliletwa hapa na manowari, angali mtoto mdogo." Akalitaja jina lake la ubatizo. "Je, kitabuni limo?"

Karani alimeza mate. "Mzee wangu, sikumbuki vema. Nitatazama, na Jumapili ijayo nitakuja kukuarifu."

Ahadi ni deni. Usiku ule aliifuta mipango yake yote, Karama na wajumbe wake wakaambiwa wangoje, na Bwana Msa akafungiwa sandukuni. Jumatatu alianza ukurasa wa kwanza, penseli mkononi, akiandika kila jina la mtu alilokutana nalo. Jumanne alifikiwa na mgeni, akasoma baada ya mgeni kulala. Jumatano, siku iliyozoea kumshinda, alirudi kutoka kazini hoi. Akafungua sanduku, akamtoa Bwana Msa, akasoma ukurasa mmoja. Ndipo alipoukumbuka ule uso uliogeukia sauti yake. Alikirudisha kitabu mahali pake.

Kadiri alivyosoma, ndivyo neno moja lilivyomsumbua. Mtungaji awasifu sana Waingereza, wala si ajabu, kwa kuwa walimwokoa baba yake. Lakini kuokolewa baharini ni jambo moja, na kurudi kwenu ni jambo jingine. Wengi wa watu wale hawakuyaona tena makwao. Walipata mashamba mapya, dini mpya na majina mapya. Karani, ambaye kazi yake ni kuandika majina ya watu kutwa, alikuwa hajapata kufikiri ni mambo gani jina laweza kuyafunika.

Jumamosi usiku alimaliza. Jina alilolitafuta hakuliona.

Jumapili alikwenda kwa mzee, akaketi, akaanza na lililo zito. "Mzee wangu, uniwie radhi. Siku ile nilisema nimekisoma kitabu, nami nilikuwa sijakisoma. Sasa nimekisoma chote. Jina la bibi yako halimo."

Mzee alinyamaza kitambo. "Uongo umeulipa kwa usiku sita," akasema, "basi yamekwisha. Lakini jina nililokupa ni lile la kanisani. Alikuwa na jingine, alilopewa na mama yake kwao kabla ya kukamatwa. Alinitajia mimi, nami sijamtajia mtu. Wewe si karani? Andika."

Karani alifungua kijitabu chake. Ukurasa wa juma lijalo ulikuwa mweupe bado. Aliliandika jina, akalisoma kwa sauti. Mzee akamsahihisha herufi moja, akaliandika tena. Kisha mzee akaendelea, na karani akaandika mpaka giza likaingia.

Kusadikika na Mzimu wa Watu wa Kale vingali mezani, navyo vimepangiwa siku zake. Ila Jumatatu jioni imeachwa wazi, kwa kuwa mzee asema hajamaliza.