Siku ya Kwanza Musoma, Mama Peke Yake

Mwanamke aliyeolewa akisema anasafiri peke yake kwenda nchi jirani, haulizwi kwanza atapitia wapi. Huulizwa, "Mumeo amekuruhusu?" Kisha huulizwa, "Na watoto unamwachia nani?" Maswali hayo kila nyumba ina majibu yake. Sisi akina mama wa Buhare, hapa Musoma, tunataka kuzungumza juu ya jambo linalofuata. Umeshaagana na wako vizuri, umefika mji ambao humjui mtu. Je, siku hiyo ya kwanza uitumieje?

Tunasema nawe hasa, mama mwenzetu, unayetoka ng'ambo ya mpaka, Kisii, Migori au Kisumu. Labda unakuja kibiashara, labda una mwana anayesoma huku, au umechoka tu na unataka kuona mahali pengine. Kupumzika si dhambi.

Buhare tumezoea wanawake wanaofika peke yao. Hapa pembezoni mwa mji kipo Chuo cha Maendeleo ya Jamii, ambacho zamani kilijulikana kwa mafunzo ya sayansi kimu, yaani lishe, mapishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba. Kwa miaka mingi wasichana wa mikoa ya mbali wameshuka hapa na sanduku moja, bila ndugu wala jamaa, wakatoka wakiwa wataalamu wa kuwasaidia akina mama vijijini. Kwa hiyo usidhani wewe ni wa kwanza.

Panga safari ili ufike mchana. Ukivuka Sirari utapita Tarime, kisha daraja la Kirumi juu ya mto Mara. Tazama maji yale vizuri. Yametoka kwenu, katika msitu wa Mau, yakapita Maasai Mara na Serengeti, na sasa yanaingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mabasi husimama Bweri, nje kidogo ya mji. Tafuta kwanza mahali pa kulala, weka mzigo, na uwajulishe wa nyumbani umelala wapi. Pasi yako na fedha nyingi zisikae pamoja katika mkoba mmoja.

Jambo la pili ni lugha. Utasema Kiswahili ni chako pia, na ni kweli. Lakini huku mtu haanzi na bei. Mama muuza nyanya akiwa amekuzidi umri, mwambie "Shikamoo", naye atakujibu "Marahaba" na uso wake utafunguka. Mkahawani usiseme "Nipe chai"; sema "Naomba chai." Ni neno dogo tu, lakini kwa mgeni aliye peke yake lina thamani kuliko mlinzi. Aliyekusalimu vizuri asubuhi ndiye atakayekuonya jioni kwamba njia ile si nzuri.

Sasa tembea. Mji wetu si mkubwa na siku moja inatosha kuanza kuuzoea. Fuata barabara ya Mukendo kuelekea ziwani hadi Mwigobero, penye soko na mitumbwi. Hapo utakutana na wenyeji wako wa zamani kwa majina mapya: ngege wa Kisumu huku ni sato, mbuta ni sangara, na omena ni dagaa. Uliza wanavyopika. Mwanamke hawezi kuwa mgeni kabisa mahali ambapo anaweza kuzungumza juu ya samaki na mafuta ya kukaangia. Ukishawishika kuingia majini, jizuie, kwa maana ziwa letu zuri lina kichocho. Maji ya kunywa nayo yawe yamechemshwa.

Baada ya chakula nenda Mwisenge. Ipo shule ya msingi ambayo Mwalimu Julius Nyerere alianza kusoma mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, akitoka kwao Butiama, kama kilomita 40 kutoka hapa. Omba ruhusa kwa walimu kabla ya kuingia, maana ni shule yenye watoto darasani. Simama kidogo ufikirie mtoto yule wa kijijini, na mama yake aliyebaki Butiama bila kumwona mwanawe kila jioni. Ni katika mji huu huu, mwaka 1974, chama cha TANU kilipitisha Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Wasichana wengi ambao wangebaki jikoni walipata daraja lao la kwanza hapo. Butiama kwenyewe, penye kaburi la Mwalimu na makumbusho yake, paachie siku ya pili. Siku ya kwanza usiijaze kama gunia la mahindi.

Jioni kaa mahali penye watu, utazame jua likizama ziwani. Saa hiyo ndiyo ngumu kwa msafiri. Mchana ulikuwa na shughuli. Sasa unakumbuka mtoto wa mwisho halali bila wewe. Tena utaona macho ya watu: mwanamke yule ni wa nani, mbona anakula peke yake? Usione haya kujibu kwamba una mume na watoto, na umekuja kutembea. Mtu akizidi kukusumbua, hamia meza ya akina mama au umwite mhudumu. Giza likiingia, rudi ulikofikia.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wenyeji, na mnaosoma popote mlipo mna mji wenu. Tukimwona mama mgeni ameketi peke yake, kwa nini ulimi wetu hukimbilia kunong'ona? Tunamhukumu mwenzetu kwa kiti kitupu kilicho mbele yake, na huenda kesho binti yetu ataketi hivyo hivyo Nairobi au Kampala. Tumwendee, tumsalimu, tumuulize kama amekula. Hivyo atakapofika kwake, mumewe akimuuliza Musoma kukoje, atakuwa na jina la mtu la kutaja.