Kadi Mpya na Nyaya Zilizokatika

Kaka yangu alinipa kompyuta mpakato yake ya michezo. Ilikuwa na nguvu, lakini haikupata mtandao ila ikiwekwa karibu kabisa na chombo cha waifai. Nikasema, "Kadi yake imezeeka." Mama alikuwa amenipa fedha za viatu, nikanunua kwazo kadi ya Intel AX210.

Nilizima mashine, nikafungua skrubu za chini, nikachomoa betri kwanza. Kadi yenyewe ni ndogo, milimita 22 kwa 30, nayo hushikwa na skrubu moja. Juu yake hubanwa nyaya mbili za antena, zenye vichwa vidogo kuliko punje ya mtama. Nilivibana polepole kwa ukucha, nikafunga, nikawasha. Lo! Hali ilikuwa ile ile.

Siku ya pili nilizifuata nyaya zenyewe. Hupita katika bawaba mpaka pembeni mwa kioo, zilipo antena. Hapo bawabani nikaziona zote mbili zimekatika, kwa kufunguliwa na kufungwa miaka mingi. Antena mpya zilikuwa za bei ndogo sana kuliko kadi. Nilipozitia, mashine ilipata mtandao kutoka mwisho wa bweni. Nikairudisha kadi ya zamani ili kuijaribu. Nayo ikapata vile vile!

Muhula ule nilivaa viatu vyenye matundu. Mama aliponiuliza, nilimweleza kweli yote. Alisema tu, "Mwanangu, mganga huuliza kwanza panapouma."

Wenzangu, chunguzeni kabla ya kununua.