Mkasi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Kitete, Tabora. Foleni ndefu, wengi na ndugu zao. Muuguzi kauliza yale yale: unalala? Sauti bado zipo? Dawa unameza? Nimejibu kweli: nalala, sauti huja mara mojamoja, dawa nameza. Kanipangia vidonge niwe nameza baada ya futari. Dada yule ana moyo mzuri, ila hakuna aliyewahi kuniuliza kama nashona.

Niliporudi kutoka hospitali ya Mirembe, Dodoma, mama alificha mkasi pamoja na visu. Aliogopa, na alikuwa na sababu. Lakini fundi cherehani bila mkasi atasemaje amepona?

Jumamosi, 8 Machi
Mzee wa Sikonge tunayekutana naye kliniki kapita nyumbani. Anasema yeye alipona siku wanawe walipomrudishia mizinga yake. Usiku bado anaongea na kaka yake marehemu. Asubuhi anaingia porini, anarina asali, anaiuza na hela anashika mwenyewe. Namwamini kuliko faili lake.

Dada mmoja wa Urambo, naye wa foleni ya kliniki, hutaka jambo dogo zaidi: mwanawe akiugua, aulizwe yeye mama, asiulizwe shangazi.

Alhamisi, 13 Machi
Mirembe ilifunguliwa 1927. Sisi wa huku tulipelekwa Dodoma kwa treni, kwenye reli iliyofuata njia ya misafara. Lutindi, kule Korogwe, ni kongwe zaidi: ilianza 1896 kulea watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa ya wagonjwa wa akili. Kule kazi ni sehemu ya tiba: bustani, useremala, kufuma. Waliona mbali. Ila kazi ya hospitali inaishia getini. Mtu akishuka stesheni Tabora, anakuta nyumbani walishazoea kufanya kila kitu bila yeye.

Jumatano, 26 Machi
Idi imekaribia. Jirani kaleta vitambaa vya wanawe, na fundi wake kazidiwa. Mama kafungua kabati, kautoa mkasi. "Kata mwanangu, watu wanasubiri."

Alasiri sauti zilikuja. Nilikuwa natia mikono gauni la mtoto, nikaendelea mpaka nikamaliza. Mshono umenyooka, na hela ya kushona nimepewa mimi mkononi.

Kliniki ijayo nitamwomba muuguzi aongeze swali moja, na amuulize kila mtu kwenye ile foleni, ndugu zake wakisikia: nyumbani wamekurudishia nini?